Kijani Peke Yake Si Uponyaji: Ardhi ya Migodi Ipimwe Pia kwa Afya ya Watu

Miaka kadhaa iliyopita niliambatana na ujumbe wa ukaguzi katika eneo la uchimbaji wa dhahabu lililokuwa limeachwa, huko Kanda ya Ziwa. Mashimo yalikuwa yamefukiwa. Kilima cha kifusi kilikuwa kimesawazishwa na kufunikwa udongo, na juu yake nyasi zilikuwa zimeota vizuri kutokana na mvua za msimu ule. Miche ya miti ilisimama kwa mistari. Msemaji wa waliofanya kazi ile alitueleza kwa fahari idadi ya miche iliyopandwa na idadi iliyoshika, kisha akahitimisha kwamba ardhi ile sasa imepona. Wajumbe wakapiga picha.

Miongoni mwa wenyeji waliosimama pembeni alikuwapo mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni. Alipopewa nafasi alisema, "Shikamooni wakubwa. Mimi nina swali moja tu. Maji ya kisima kile pale chini, mtoto wangu anywe au asinywe?" Tuliangaliana. Katika faili nzima ya ukaguzi, yenye hesabu za miche, urefu wa nyasi na picha za kabla na baada, hapakuwa na jibu la swali lile. Kiongozi wa msafara alimwahidi kwamba jambo lake litafanyiwa kazi. Tukapanda magari, tukaondoka.

Swali la mama yule limenikaa moyoni tangu siku hiyo, kwa kuwa naamini ndilo swali ambalo tathmini yoyote ya ardhi iliyochimbwa inapaswa kuanza nalo na kumalizia nalo. Maoni yangu katika makala haya ni mepesi kuyaeleza, ingawa utekelezaji wake unahitaji nia: ardhi iliyochimbwa madini isitangazwe kuwa imepona mpaka afya ya watu wanaoishi juu yake na kando yake iwe imepimwa, na matokeo yake yasomwe pamoja na matokeo ya udongo, maji na miti. Na sisi watumishi wa afya tusisubiri kualikwa katika kazi hiyo. Sehemu kubwa ya ushahidi unaohitajika unapita mikononi mwetu kila siku.

Kidonda hupona kuanzia ndani

Muuguzi yeyote aliyefanya kazi katika chumba cha vidonda anajua hatari ya kidonda kinachofunga juu kabla ya kupona ndani. Ngozi huonekana safi, mgonjwa hufurahi, na siku chache baadaye usaha hutafuta njia ya kutokea. Kwa sababu hiyo hatumruhusu mgonjwa kwa kutazama ngozi tu. Tunabonyeza, tunapima joto la mwili, tunauliza kuhusu maumivu, na tunampa tarehe ya kurudi.

Ardhi iliyochimbwa inastahili uangalifu wa namna hiyo. Uchimbaji huondoa tabaka la juu la udongo, ambalo limejengwa na mizizi, wadudu na vijidudu kwa karne nyingi, kisha hutoa juani mawe yaliyokuwa yamefungiwa chini bila hewa. Mawe mengi yanayobeba dhahabu, shaba, zinki au risasi yana pia salfaidi, yaani madini yaliyoungana na salfa. Salfaidi ikikutana na hewa na maji huzalisha asidi ya salfa. Asidi hiyo huyeyusha metali zilizomo ndani ya mwamba na kuzipeleka kwenye vijito na visima. Mchakato huu una tabia moja mbaya sana kwa mkaguzi mwenye haraka: unaweza kuchelewa. Rundo la kifusi linaweza kuonekana tulivu kwa miaka kadhaa, mpaka kemikali zinazopunguza makali ya asidi zitakapokwisha ndani yake, ndipo maji machungu yaanze kutiririka. Ukaguzi wa siku moja, hasa siku ya makabidhiano, hauwezi kuliona jambo hilo.

Wala uoto wa kijani si uthibitisho kwamba sumu haipo. Katika ukanda wa shaba wa Katanga na Zambia kuna mimea midogo yenye maua, maarufu kwa jina la ua la shaba, inayostahimili udongo uliojaa shaba kiasi cha kuua mimea mingine. Watafutaji wa madini walijifunza kuifuata kama dalili ya mwamba wa shaba ulio chini. Mtu asiyejua atasimama mahali hapo na kusifu bustani. Huo ndio uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mboga za majani nazo zina somo lao: mchicha unaweza kustawi juu ya mabaki ya uchenjuaji na wakati huohuo ukavuta metali nzito kutoka ardhini mpaka kwenye sahani ya mlaji.

Wataalamu wa ikolojia wanapimaje

Haingekuwa haki kudai kwamba wanaikolojia wanahesabu miche tu. Viwango vilivyotolewa na Jumuiya ya Kimataifa ya Urejeshaji wa Ikolojia, ambavyo mwaka 2022 viliandaliwa mahsusi kwa ajili ya maeneo ya migodi, vinataka mkaguzi aangalie mambo sita: kama vitisho vimeondolewa, kama hali ya udongo na maji inafaa, kama aina za viumbe zinazostahili zimerudi, kama muundo wa uoto umejengeka kwa ngazi zake, kama kazi za kiasili kama vile kuoza kwa majani na kuzaliana kwa viumbe zinaendelea, na kama eneo linabadilishana uhai na maeneo yanayolizunguka. Kila jambo hupewa alama, na matokeo hulinganishwa na eneo rejea, yaani mahali pa asili palipofanana na hapo kabla ya kuchimbwa.

Mfano mzuri wa fikra hizo uko katika pwani yetu wenyewe, na ulianza miaka mingi kabla ya viwango hivyo kuandikwa. Huko Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, uchimbaji wa matumbawe ya kale kwa ajili ya saruji, ulioanza katika miaka ya 1950, uliacha uwanda wa mwamba mweupe usio na udongo, wenye maji ya chumvi karibu na uso. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu hapo aina 26 za miti. Ni aina tatu tu zilizohimili, na aliyeongoza njia alikuwa mvinje, mti ambao mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani.

Ndani ya miaka michache palikuwa kijani. Mkaguzi wa kuhesabu miche angetoa cheti siku ile. Haller aliona tatizo: majani membamba ya mvinje, yaliyojaa tanini, yalikuwa yakianguka na kurundikana bila kuoza. Msitu ulikuwa umesimama, lakini udongo haukuwa ukizaliwa. Jibu lilipatikana kwa kiumbe ambaye wengi wetu humkwepa njiani, jongoo. Majongoo waliletwa, wakatafuna majani yale, kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, na taratibu tabaka la udongo mweusi likaanza kujengeka juu ya mwamba. Ndipo miti mingine, ndege na wanyama walipopata pa kukaa. Leo watu hulipia kiingilio kutembea mahali hapo.

Najifunza mambo mawili kutoka Bamburi. La kwanza ni kwamba dalili ya kweli ya uponyaji ilikuwa kazi iliyofanyika chini, mahali ambapo mpiga picha hatazami. La pili ni onyo. Mwamba wa Bamburi ulikuwa chokaa. Haukuwa na mzigo wa zebaki, aseniki wala risasi. Mafanikio yake hayawezi kunakiliwa jinsi yalivyo kwenye bwawa la topesumu la dhahabu, ambako miti inaweza kufika, ndege wakafika, na bado kisima kikabaki hatari kwa mtoto. Hapo vipimo vya ikolojia peke yake havitoshi.

Miili ya watoto ilipotoa taarifa

Mji wa Kabwe, katikati ya Zambia, ulikuwa na mgodi wa risasi na zinki uliofanya kazi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi ulipofungwa mwaka 1994. Rundo la mabaki yake linajulikana kama Mlima Mweusi. Upepo hupeperusha vumbi lake hadi kwenye mitaa ya jirani, mahali ambapo watoto hucheza chini na kutia mikono kinywani kama watoto wote wafanyavyo. Risasi haiozi wala haizeeki. Watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya mgodi kufungwa wamepimwa na kukutwa na risasi nyingi katika damu. Katika mitaa iliyoathirika zaidi, kiwango cha mikrogramu 45 kwa desilita kimepatikana kwa watoto wengi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kuanzia mikrogramu 5 tu, chanzo kinapaswa kutafutwa na kuondolewa. Katika kalenda ya uchumi mgodi ule ulikufa mwaka 1994. Katika damu ya watoto bado unafanya kazi.

Mfano wa Jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, unatuhusu hata zaidi sisi wa zahanati na vituo vya afya. Mwaka 2010 watoto walianza kufa vijijini kwa degedege, kutapika na maumivu ya tumbo. Kwa kuwa malaria ipo huko kama ilivyo kwetu, ilidhaniwa kuwa ni malaria, lakini dawa hazikusaidia. Vipimo vya damu ndivyo vilivyofichua kwamba watoto wamejaa risasi. Wazazi wao walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu nyumbani, na mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Zaidi ya watoto 400 walipoteza maisha.

Kilichofuata ndicho ningependa kila mwanafunzi wa tiba akisome. Ipo dawa inayokamata risasi mwilini na kuitoa kwa mkojo. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa nayo. Lakini walielewa kwamba kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye ua uleule wenye sumu ni kumtia sumu upya. Kwa hiyo kijiji kilisafishwa kwanza, udongo wa juu ukaondolewa na udongo safi ukawekwa, ndipo matibabu yakafuata. Kijiji cha Bagega kilisubiri usafishaji mpaka mwaka 2013, na watoto wake wakasubiri nao. Huko, tathmini ya udongo ilikuwa sehemu ya cheti cha dawa. Hakuna mfano ulio wazi zaidi ya huu wa kuonyesha kwamba uponyaji wa ardhi na uponyaji wa mwili ni kazi moja yenye hatua mbili.

Kwetu hali ikoje

Tanzania haianzi sifuri. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 zinaweka wajibu wa kulinda na kukarabati mazingira, na migodi mikubwa hutakiwa kuwa na mpango wa ufungaji pamoja na dhamana ya fedha kwa ajili ya ukarabati. Tayari tumeshuhudia migodi mikubwa ikifikia mwisho: Golden Pride wilayani Nzega, na Buzwagi huko Kahama uliosimamisha uzalishaji mwaka 2021. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kupunguza zebaki, mkataba uliobeba jina la mji wa Japani ambako, mwaka 1956, ugonjwa uliosababishwa na zebaki kwenye samaki ulitambuliwa rasmi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ardhi iliyojeruhiwa haiko ndani ya uzio wa migodi mikubwa. Iko kwenye maduara yaliyoachwa na wachimbaji wadogo, kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu kando ya vijito, na kwenye marundo ya marudio ambayo hubadilisha wamiliki mpaka mwisho hakuna anayejulikana kuwa ndiye mwenyewe. Hapo hakuna mpango wa ufungaji wala dhamana. Kuna watu tu, wanaolima, wanaochota maji na wanaochunga mifugo.

Wasomaji wetu wa kada ya afya wanayajua madhara yake hata kama hawajayaita kwa jina la ikolojia. Shimo lililoachwa wazi hujaa maji ya mvua, na kidimbwi kidogo chenye jua la kutosha ndicho makazi wanayopendelea mbu wakuu waenezao malaria katika ukanda wetu. Mashimo makubwa yanayoota magugu yanaweza kuhifadhi konokono wa kichocho. Watoto na ng'ombe hutumbukia na kuzama. Vumbi la mawe yenye silika huchoma mapafu polepole, na ugonjwa wa silikosisi unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mchimbaji kuacha kazi, ukimfungulia mlango kifua kikuu. Zebaki iliyochomwa kwenye karai nyuma ya nyumba huvutwa na aliyeichoma, mkewe na watoto, kisha iliyobaki huenda kwenye tope, na tope huenda kwenye maji, ambako vijidudu huigeuza kuwa aina inayojikusanya ndani ya samaki. Mwanamke mjamzito akila samaki hao kwa wingi, anayeumia zaidi ni kiumbe aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unaundwa.

Haya yote yanaweza kuendelea chini ya kilima kilichopandwa miti vizuri.

Kipimwe nini, na lini

Napendekeza mambo manne, na yote yanawezekana katika mazingira yetu.

Kwanza, tupime kabla. Mgodi mpya unapoandaliwa, kama ule wa nikeli unaotarajiwa Kabanga wilayani Ngara, afya ya wakazi, maji yao na udongo wao vipimwe kabla ya jiwe la kwanza kutolewa. Mwanaikolojia anahitaji eneo rejea. Daktari naye anahitaji rejea yake. Bila hiyo, miaka 20 baadaye tutabishana kama aseniki ya kisimani ililetwa na mgodi au ilikuwapo tangu enzi za mababu, kwa kuwa aseniki hupatikana pia kiasili katika baadhi ya miamba.

Pili, maji na udongo vipimwe kwa viwango vya kiafya. Kusema "maji ni safi" hakumsaidii mama wa kisimani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka mikrogramu 10 kwa lita kwa aseniki na vilevile kwa risasi. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji kwa lugha ambayo mwanakijiji ataielewa: kisima hiki kinafaa kunywa, kile kinafaa kufulia tu, kile kifungwe.

Tatu, watu wapimwe. Sisemi kila mtu atolewe damu. Sampuli ndogo ya watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito, kwa ridhaa yao na kwa kulinda siri zao, inatosha kuonyesha kama sumu inapita kutoka ardhini kwenda mwilini. Sambamba na hilo, takwimu za MTUHA za zahanati zinazozunguka eneo hilo zisomwe kwa mpangilio wa miaka: malaria, upungufu wa damu, degedege lisilo na sababu inayojulikana, kifua kikuu kwa waliowahi kuchimba. Takwimu hizi hazithibitishi chanzo peke yake, lakini huonyesha mahali pa kuchimbua zaidi.

Nne, tupange tarehe za kurudi. Kama tunavyomfuatilia mgonjwa wa kisukari au mtoto mwenye utapiamlo, ardhi iliyofungwa ifuatiliwe kwa miaka, si kwa siku ya makabidhiano peke yake. Dhamana ya fedha ya mgodi mkubwa isirudishwe yote mpaka mizunguko kadhaa ya vipimo, pamoja na vya afya, iwe imeonyesha utulivu.

Majibu kwa wenye mashaka

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni gharama. Ni kweli kwamba kupima metali katika damu ni ghali na si kila hospitali ina uwezo huo, ingawa maabara ya taifa, kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inaweza kushirikishwa. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni nafuu. Mabuu ya mbu hutafutwa kwa upawa. Uchachu wa maji hupimwa kwa karatasi ndogo inayobadilika rangi. Kipo kifaa cha mkononi kinachosoma kiwango cha risasi kwenye udongo papo hapo, na ndicho kilichowasaidia wasafishaji kule Zamfara. Kwa upande wa maduara yasiyo na mwenyewe, halmashauri zinazopokea ushuru wa huduma kutoka kwenye migodi zinaweza kutenga sehemu yake. Na ni lazima tuulize pia gharama ya kutopima. Mtoto aliyepungukiwa akili kwa sababu ya risasi hawezi kurudishiwa alichopoteza kwa dawa yoyote. Tukishindwa kuziba ufa, huo ndio ukuta tutakaoshindwa kuujenga.

La pili ni la kisayansi, na ni zito zaidi. Metali katika damu zinaweza kutoka kwingine: betri chakavu, rangi za zamani, vyungu vyenye glezi ya risasi, hata vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki. Kwa hiyo, watasema, damu si kipimo cha mgodi. Nakubali kwamba haitoshi peke yake. Ndiyo maana inasomwa pamoja na udongo na maji, na kulinganishwa na kijiji kisicho na mgodi. Homa nayo ina sababu nyingi, na hatujaacha kupima joto la mgonjwa kwa sababu hiyo.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: mkitangaza haya, mtawatia watu hofu, mashamba yao yatakosa thamani na mboga zao hazitanunuliwa. Hofu hiyo ina msingi, na lazima majibu yatolewe kwa busara, yakifuatana na msaada. Lakini mimi sijaona mgonjwa aliyepona kwa kufichwa majibu yake.

Neno kwa watumishi wa afya na kwa wagonjwa

Mwenzangu unayefanya kazi karibu na machimbo, ongeza maswali matatu unapochukua historia ya mgonjwa: unafanya au umewahi kufanya kazi gani, maji ya kunywa mnayatoa wapi, na je, kuna mtu anayechoma dhahabu au kusaga mawe nyumbani? Mtoto mwenye degedege ambaye kipimo cha malaria hakioni vimelea, mtoto mwenye upungufu wa damu usiopona kwa madini chuma, mtu mzima anayetetemeka mikono na kusahausahau, mchimbaji wa zamani anayerudiwa na kifua kikuu: hawa waandikwe mahali wanapoishi kwa jina la kitongoji, na taarifa ifike kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Mgonjwa mmoja ni mgonjwa. Wanne kutoka kitongoji kimoja ni taarifa kuhusu ardhi. Na mhudumu wa afya ya jamii anayejua kila shimo lililo wazi katika kijiji chake anastahili kuwamo katika ujumbe wowote wa ukaguzi.

Kwa wasomaji wetu mnaoishi kwenye maeneo hayo, yapo machache ya kuzingatia wakati vipimo vinasubiriwa. Kuchemsha maji huua vijidudu, na endeleeni kufanya hivyo, lakini hakuondoi metali. Maji yanayopungua kwa kuchemka huziacha zikiwa nyingi zaidi ndani ya kile kilichobaki. Kisima kilicho chini ya rundo la mabaki kikitiliwa shaka, dawa yake ni kutafuta chanzo kingine cha maji. Msilime mboga za majani juu ya marudio wala kuchukua mchanga wake kujengea nyumba. Nguo za machimboni zivuliwe na kufuliwa mbali na watoto. Mawe yasisagwe wala zebaki isichomwe nyumbani. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na wapate mlo wenye madini chuma na kalsiamu, kama dagaa, maharage na maziwa, kwani tumbo tupu lenye upungufu wa madini hayo hunyonya risasi kwa wingi zaidi. Na mkifika kliniki, mwambieni mhudumu mnakotoka hata kama hajauliza.

Nasikia bado wakaguzi hutembelea maeneo ya aina ile niliyoyaeleza mwanzoni, na bado miche huhesabiwa. Ihesabiwe, kwa maana mti ni neema na kivuli chake ni cha wote. Lakini ukaguzi ujao utakapofanyika popote pale, naomba kwenye faili kuwe na ukurasa mmoja zaidi, wenye majina ya visima vyote vya jirani, kiwango kilichopatikana katika kila kimoja, na mbele ya kila jina neno moja ambalo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kulisoma: anywe, au asinywe.